Jenereta Inayonguruma Mbali

Shangazi yangu mpendwa,

Tangu urudi Dar, kila nikipita mtaa wa maduka wa Guangyuan Xilu nakutafuta kati ya wanunuzi, khanga begani, ukimkaripia mchukuzi kwa Kiswahili kana kwamba Guangzhou nzima ni Kariakoo. Nacheka peke yangu. Watu hunitazama.

Unakumbuka siku ya jenereta? Mgao wa umeme ulikuwa umekuchosha, ukaapa hutapanda ndege kabla ya kuinunua. Mimi, mwanafunzi, nilikuwa mdomo wako. Mlikuwa katikati ya kupatana bei mwenye duka alipouliza utaiweka wapi, nikakutafsiria.

"Koridoni, karibu na chumba cha watoto. Nje wezi wataibeba."

Hilo sikumtafsiria mwenye duka.

"Mwambie apunguze, basi!"

"Simwambii neno, Shangazi."

"We mtoto! Unanigomea mbele ya Mchina?"

Sikuwa nimewahi kukukatalia kitu. Nikakueleza kwamba moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hata madirisha yakiwa wazi hujaa ndani, na aliyelala huenda asiamke. Ikae nje, mbali na madirisha. Kisha nikawataja watoto kwa majina: Salma, Juma, Mwajuma.

Ulinitazama. "Hii ndiyo hasara ya kusomesha," ukasema. Halafu, polepole: "Na wezi je?"

Tukazunguka maduka kutafuta mnyororo. Ukachagua mzito kuliko yote, kana kwamba unafungia meli. Mwenye duka la jenereta alipouona akasema sasa mnyororo ndio mzigo, jenereta ni nyongeza. Hilo nililitafsiri kwa furaha. Vyote vikasafiri kwenye kontena, katikati ya jinzi zako za biashara ulizonunua Xintang.

Hata hivyo hofu haikuniacha. Ahadi ya dukani inaweza kuishia dukani. Niliiwaza sana korido ile.

Jana jioni ukapiga simu. Umeme umekatika, ukasema, na majirani wanakucheka kwamba umeifunga jenereta nyuma ya ua kama mbuzi wa Idi. Sikucheka mara moja, nilikuwa nasikiliza. Nyuma ya sauti yako watoto waligombania rimoti, na nyuma yao, mbali kabisa, mngurumo mdogo kama wa nzi.

Huku ugenini nimeuchukia umbali kila siku. Jana niliupenda.

Nibusie watoto. Na mnyororo usiulegeze.

Mtoto wa kaka yako,
mdomo wako uliogoma