Mume Wangu wa Kwenye Simu

Ghorofani, juu ya duka la cherehani,
Jumapili mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na Mjomba, bado anabishana na redio? Sisi huku miili mizima, na sare za shule za kushona zimenijaa mpaka kitandani. Ila kichwani, Shangazi, nimevurugikiwa.

Unajua tangu tumzike pacha wake, mume wangu amekuwa bubu wa nyumbani. Hilo halikunishangaza, kuna watu hulia kwa ndani. Kinachonichanganya ni simu. Akiwa gereji, anakopaka magari rangi, ananiandikia mambo ambayo hata wakati wa uchumba sikuyasikia: kwamba akijitazama kwenye kioo cha gari anamwona ndugu yake, kwamba bila mimi angeshaanguka. Nasoma nalia, najibu, nashona mkono mahali pa kola. Jioni anaingia, namuuliza hali, ananiambia, "Poa tu. Kuna chai?"

Juzi akaandika, "Leo nimezidiwa." Nikasema huyu si wa kujibiwa kwa vidole. Nikamwacha mteja na suruali ya mguu mmoja, mbio mpaka gereji, nikamkumbatia mbele ya mafundi wote. Akakauka kama gogo. "We, umefuata nini huku?" Wenzake wakaangua kicheko. Aibu niliyoipata, Shangazi! Nikaondoka na rangi ya bluu kifua kizima. Hata sijafika dukani, simu ikalia: "Asante kwa kuja. Ila usirudie."

Sasa nishike lipi, niache lipi? Mwenzio nimeanza kuionea wivu simu yangu mwenyewe. Naogopa nikimzoea huyu anayeandika, yule anayerudi jioni atanipotea, niwe mjane wa mtu ninayemwandalia chakula. Nyinyi wakati wenu simu hazikuwepo. Mjomba alikuwa anakulilia wapi?

Msalimie sana Mjomba, na wanao wote, hasa yule mdogo wao tunayemwita Mbishi. Mungu akuondolee hayo maumivu na akuongezee siku tele.

Nilitaka kuandika zaidi, lakini simu imelia. Yeye yuko chumbani, mimi sebuleni, kati yetu ukuta tu. Ameandika: "Njoo ukae hapa. Usiniulize kitu." Nimeinuka, nikaketi, nikainuka tena. Sijui nikifika nifanye nini na mikono yangu.

Nakwenda, Shangazi. Simu naiacha hapa mezani.

Ni mimi nikupendaye,
Binti wa kaka yako.