Maji Niliyomeza

Jumapili, tarehe 3
Nina miaka themanini na moja. Nimezika mke, ndugu wanne, na ile gari moshi ya zamani. Sagalla hakuna mzee anapanda huu mlima kama mimi bila bodaboda. Leo nje ya kanisa nimewaambia wenzangu tena: Wakesho, kitinda mimba wangu, amechezea Kenya kriketi na magongo, zote mbili. Mimi ndiye nilimfunza kupiga. Wakacheka chini chini. Sijui kwa nini.

Jumatatu, tarehe 4
Sasa najua. Jirani amenieleza. Wakesho aliulizwa kwa redio nani alimfunza. Akasema: "Mama. Alikuwa ananirushia mapera, mimi napiga na mwiko. Baba alikuwa anatugombeza, tunaharibu mapera."
Ni kweli. Hiyo ndiyo mbaya. Naona aibu mpaka mbele ya mbuzi.

Jumatano, tarehe 6
Wakesho amekuja, goti limevimba. Jumamosi ni mechi yake ya mwisho ya magongo, halafu anastaafu. Kriketi aliacha mwaka jana.
Kwetu mzee akiweka hasira moyoni, mtoto wake anaumia. Dawa ni maji. Unajaza mdomo, unatema chini mbele yake, unasema hasira imetoka.
Dada yangu Mkawasi akaleta kikombe. "Kaka, una hasira na mtoto."
"Sina."
"Kama huna, tema tuone."
Nikajaza mdomo. Nikamwangalia Wakesho. Nikakumbuka redio. Nikameza.
Wote wameona.
"Kumbe Baba alikuwa na kiu," Wakesho akasema. Akacheka, lakini si kwa macho. Akashuka Voi na bodaboda, mguu ameunyoosha kando.

Ijumaa, tarehe 8
Ugali haushuki. Nimemwambia Mkawasi goti ni goti, madaktari wapo. Akasema, "Goti ni goti. Na wewe je?"

Jumamosi, tarehe 9
Nimesikiliza mechi kwa kinyozi. Hakucheza. Mechi yake ya mwisho yote, kwa benchi. Kinyozi akazima redio. Hakuna aliyenitania, hata mmoja. Afadhali wangecheka.

Jumapili, tarehe 10
Wakesho amerudi. Sikwenda kanisa. Kikombe nimechota mwenyewe. Nikamwambia: mama yako ndiye alikufunza. Ulisema ukweli, mimi nikakasirika.
Nikatema. Yote.
Wakesho akavuta kiti, akaweka mguu juu yake, tukakaa.
Asiyeamini amuulize Mkawasi. Alisimama karibu kunichunga nisimeze. Miguu yake ililowa.