Nyumba ya Baba Yenu Imefunguka

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Ukishakunywa, ~~zima kompyuta~~ usizime kitu chochote mezani! Mdogo wako anaogopa isije ikagoma tena.

Ule ubao wa nyaya alioutengeneza, uliouita utumbo wa redio, leo asubuhi umeunganisha laptopu na ile kadi kubwa ya picha, inayoipa nguvu ya kufungua michoro mizito. Akaniita, "Mama, njoo, ila usipumue!" Mchoro wa mwisho wa marehemu baba yenu, ule wa nyumba yetu, uliokataa kufunguka tangu tumzike, ukafunguka. Nyumba nzima ikazunguka polepole, jua likipita madirishani. Kumbe aliniwekea baraza! Nimeketi pale kwa macho tu, mpaka nimechelewa kazini.

Chumba chako nacho kipo, mwanangu. Pamoja na ugomvi wako wote na baba yako, hakukifuta.

Mama