Wote Mia kwa Mia

Jumatatu, 3 Machi

Meneja kaniita kabla sijaweka hata mkoba chini. Anataka mfumo wa mafunzo ya kwenye simu, tuachane na haya ya kukusanyana. Ipo miwili mezani, nichague mmoja kabla mkaguzi wa usalama kazini hajaja tarehe 18. Tangu yule dada wa zamu ya jioni aungue mkono kwenye pasi kubwa ya roli inayonyoosha mashuka, ofisi nzima iko roho juu.

Nimefundisha kwenye kiwanda hiki cha kufulia miaka kwa mdomo wangu, nimesimama juu ya kreti, nikishindana na kelele za mashine. Sasa hiyo haitoshi. "Nataka asilimia," kasema. Kila kitu kwake asilimia — mashuka yaliyotoka safi, waliochelewa, sabuni iliyomwagika. Tunamwita Asilimia, na sidhani kama hajui.

Wauzaji wote wawili wametupa muda wa kujaribu bure. Mmoja nembo yake ya bluu, mwingine ya kijani. Majina yao marefu, hayakai kichwani. Bluu na Kijani basi, yaishe.

Nimeshinda nikizunguka ofisini kama niliyepoteza funguo.

Jumanne, 4 Machi

Shuleni anakofundisha mume wangu wanatumia Kijani. Nilipomwuliza jioni, akausifu utadhani analipwa. Mwanafunzi anatuma kazi, mwalimu anamjibu kwa maandishi au kwa sauti, anamwonyesha alipoteleza, na wanafunzi wanajadiliana humo humo.

Binti yetu, anayesoma hapo hapo, akaguna. "Baba, hakuna anayejadili. Wote wanaandika 'nakubaliana na mwenzangu'."

Nilicheka mpaka mwalimu wa watu akanuna.

Lakini shule si kiwanda cha kufulia. Mtoto ana muhula mzima. Mtu wa pasi ana mapumziko ya chakula tu, miguu inamwaka moto, na hayo mapumziko ndiyo Asilimia anataka yatumike kusomea. Nikamwambia mume wangu hivyo. Kasema hata watoto wanachoka. Sawa. Ila mtoto akikosea haungui.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechukua watu wanane wa pasi kubwa. Watajaribu mifumo yote miwili kwa somo moja, nililoliandaa mwenyewe: mtu akinaswa kwenye roli, unaizimaje mashine. Bluu kwanza, Kijani wiki ijayo.

Wifi yangu yumo, dada wa mume wangu. Ndiye aliyenisemea nikapata kazi hapa, na hachoki kunikumbusha. Yumo na yule mama mkimya wanayemwita Redio — kwa kumtania, maana siku nzima hatoi neno.

Bluu ni mwepesi. Video, maswali ya kuchagua, kisha cheti chenye jina lako na maua pembeni. Ukikosa, unajibu tena. Na tena. Nikampigia muuzaji kumwuliza kama kuna kikomo. Hakuna, akasema, na huo ndio uzuri wake, hakuna anayeachwa nyuma.

Jibu tamu. Mbona halijanikaa vizuri?

Jumatatu, 10 Machi

Bluu: wote wanane, mia kwa mia. Asilimia kanipa mkono. Hajawahi kunipa mkono.

Wifi ndiye wa kwanza kumaliza.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimefungua majibu ya Kijani. Huko hakuna kuchagua a, b au c. Niliweka swali moja tu: mwenzako kanaswa mkono, unafanya nini? Jibu kwa sauti yako.

Watano tu wamejibu. Mmoja kasema atakimbia kumwita fundi. Mmoja atavuta shuka. Wawili wamezungukazunguka mpaka muda ukaisha. Redio — kwanza inasikika mashine, kisha pumzi, kisha sauti ambayo sijawahi kuisikia zaidi ya salamu: "Mimi sijui. Naomba nifundishwe."

Watu walewale. Somo lilelile. Juzi walikuwa na mia kwa mia.

Wifi hajajibu. Nimemwona mlangoni nikamwuliza, akasema simu yake inasumbua. Ile simu aliyokuwa anaongea nayo.

Jumamosi, 15 Machi

Wifi alikuja kumsuka binti. Nikamvuta jikoni.

"Wifi, maswali ya Bluu alijibu nani?"

"Si yalijibiwa?"

"Nimekuuliza nani."

Akachukua kisu, akaanza kukata vitunguu ambavyo sikumwomba akate. "Walinipa simu zao, nikazipanga mezani, nikabonyeza. Ukikosa inakwambia jaribu tena. Nilimaliza na chakula nikala."

"Na video?"

"Ilikuwa inaongea yenyewe."

Akaendelea kukata. "Unawajua wenzangu, wengine kusoma ni kwa kubahatisha. Na meneja katangaza, asiyefaulu anatolewa pasi anapelekwa kukunja taulo, na kule zamu ni za kuokoteza. Ulitaka niwaangalie tu wakimwaga unga?"

Tangazo hilo mimi sikuambiwa. Mimi, mwenye mafunzo.

Nikasema mtu ataungua tena. Akasema kabla ya kuungua watu watakuwa wameshalala njaa. Mume wangu akaingia kutafuta maji. Akatutazama, akatoka bila maji.

Nimepanga kabati la vyombo, nikalipangua, nikalipanga.

Jumatatu, 17 Machi

Nimejikaza nikaingia kwa Asilimia. Nikasema alama za Bluu si za kuaminika. Sikumtaja mtu. Nikamsikilizisha sauti za Kijani. Alisikiliza mbili, akatazama saa.

"Huu wa shule waachie shule," kasema. "Mkaguzi nimletee watu wanaosema sijui?"

Nikamwambia huyo anayesema sijui ndiye pekee aliyesema kweli. Akanitazama kama niliyeongea lugha ya wageni. Tunachukua Bluu. Na kwa vile wifi alimaliza wa kwanza, kuanzia mwezi ujao yeye ndiye kiongozi wa mafunzo upande wa pasi. Kiongozi wa mafunzo!

Wifi alinisubiri kwenye korido. Alikuwa anatabasamu lakini kanishika mkono kwa nguvu. "Miaka yote nimesimama pale hakuna aliyeniona. Usiniharibie, wifi yangu."

Nikauchomoa mkono, nikaenda zangu. Nimefika nyumbani, mume wangu yuko kwenye simu, anampongeza dada yake. Alipomaliza nikamweleza yote.

"Ni dada yangu," akasema.

Baadaye, akisahihisha madaftari, bila kunyanyua kichwa: "Na hao wengine saba?" Halafu akaendelea kusahihisha.

Jumanne, 18 Machi

Niko stoo ya juu, nimekalia robota la mashuka. Naandikia juu ya goti, mwandiko wenyewe aibu tupu.

Mkaguzi kafika asubuhi. Mama wa makamo, sauti ya chini, viatu vya kazi kwelikweli. Asilimia akamwonyesha Bluu kwenye skrini, neno "amefaulu" kwa rangi ya kijani kutoka juu mpaka chini. Yule mama akatazama, akashukuru. Kisha akasema, taratibu tu, kwamba baada ya chakula atachagua watu wawili waizime ile pasi kubwa mbele yake, ikiwa inazunguka.

Asilimia akacheka kidogo, akanigeukia. Nikasikia mdomo wangu ukisema hakuna shida.

Nimepanda huku ili nifikiri. Nimfuate mkaguzi kantini nimwambie? Mara nashika kitasa, mara narudi kukaa.

Dirisha la stoo linaangalia chini kwenye pasi. Wamo wote. Hawakwenda kula. Wifi kasimama mbele yao, mashine imezimwa, anawafundisha. Anafundisha vizuri, lazima niseme. Hana haraka. Kamsogeza Redio mbele kabisa, kamshika bega.

Sasa nimeona anachowaonyesha. Kamba. Ile nyekundu inayoning'inia juu ya roli.

Kamba ile haizimi kitu. Yule dada aliyeungua aliivuta, mashine ikaendelea kuzunguka. Ndipo fundi akaweka ubao wa kuzimia pale chini, unaousukuma kwa mguu, na kamba akaiacha ining'inie. Yote hayo nimeyasema kwenye video, mwishoni, taratibu, mara mbili. Video iliyokuwa inaongea yenyewe.

Wanavuta kwa zamu. Redio kavuta, kamtazama wifi usoni, wifi kamwitikia kwa kichwa. Mashine imezimwa, kwa hiyo hakuna anayeona kwamba hakuna kilichotokea.

Mlango wa mbali umefunguka. Mkaguzi. Kikombe bado mkononi, hakungoja chakula kiishe. Kasimama nyuma yao, hawajamwona. Sasa anaelekeza kidole kwenye swichi kubwa, anamwambia fundi aiwashe. Roli zimeanza kuzunguka. Redio ndiye aliye karibu zaidi.

Nashuka.