Krismasi Upande Huu wa Migomba

Alhamisi, siku ya Krismasi. Mvua imekatika tangu Jumatatu, jua ni kali, na upepo unaleta muziki kutoka soko la Kangeta. Nina hasira. Niliandike hilo kwanza, nisije nikajaza ukurasa kwa mambo ya kupendeza ambayo si ya leo.

Mwanangu Mutwiri yuko hatua sitini kutoka jikoni kwangu, nami siruhusiwi kumwona.

Kwa msomaji asiye wa huku, nieleze. Kwetu Meru, mvulana hutahiriwa likizo ya Desemba, kisha hukaa wiki kadhaa kibandani akihudumiwa na wanaume na kufundishwa utu uzima. Mama hupika, chakula huja kuchukuliwa, lakini yeye mwenyewe haendi. Kijana akishatoka, haingii tena jikoni kwa mamake kuketi kwenye kigoda karibu na moto. Hakuna anayemfukuza. Haji tu.

Mutwiri ni kitindamimba. Nilimzaa nikiwa na miaka arobaini na tano, dada zake wakiwa tayari sekondari. Babake alifariki mtoto akiwa darasa la pili, tukabaki wawili katika nyumba hii.

Wawili, ndiyo. Lakini kila Desemba mimi nilikuwa Nairobi nikisahihisha mitihani ya kitaifa, yeye kwa shangazi yake. Nilirudi siku mbili tatu kabla ya Krismasi, nimechoka, nikalala. Siku yenyewe tulikula kwa majirani. Alikuwa akiniuliza, "Mama, sisi tutapika chapati zetu lini?" Nikamjibu, "Mwaka ujao, baba. Mama akistaafu."

Alipofika gredi ya saba aliacha kuuliza.

Niliona nafuu.

Nilistaafu mwezi wa sita. Mwezi wa tisa shemeji yangu Kaaria, ndugu wa marehemu, alikuja akaketi hapa sebuleni na kuniuliza kwa heshima, "Tumpeleke mwaka huu, ama angoje? Siku hizi wengine wanangoja." Nilimjibu kabla hajamaliza chai. Mwaka huu. Januari anaingia gredi ya kumi, shule ya bweni, na sikutaka aende huko kuchekwa na wenzake. Nilihesabu mihula, nikahesabu siku za kupona, nikaona zinatosha.

Krismasi sikuihesabu. Sitasema sikujua kwamba itaangukia katikati. Nilizaliwa huku, nimesindikiza ndugu zangu. Nilijua, ila miaka thelathini na sita ya kuishi kwa kalenda ya shule imenifanya nione Desemba kama nafasi tupu kati ya muhula na muhula.

Leo baada ya kanisa nilisukuma chapati kumi na mbili. Kaaria alipaswa kuja kuzichukua. Sikumngoja. Nilifunika sahani kwa kitambaa nikapita kwenye migomba.

Kaaria alikuwa kwenye gogo mbele ya kibanda. Akasimama.

"Mwalimu, hapo hapo!"

"Nimeleta chakula tu."

"Kimekuleta wewe, ama wewe ndiye umekileta?" Akacheka. "Umezoea kuingia kila darasa bila kubisha. Hili si lako, Mama Mutwiri."

"Sitaki kumwona. Nataka kumsikia tu, Kaaria. Ni Krismasi."

Alitazama kando, nami nikachukua hiyo kuwa ruhusa. Nikaita, "Mutwiri! Krismasi njema, baba!"

Ndani walikuwa wakizungumza, yeye na binamu yake. Kisha ikaja sauti nzito kidogo kuliko niliyoizoea.

"Mama, rudi nyumbani. Unaniaibisha."

Binamu akacheka. Mutwiri naye akacheka, nusu sekunde baadaye, kama mtu anayelipia kitu.

Kaaria aliichukua sahani mkononi mwangu taratibu sana. Afadhali angeninyang'anya.

Nimekaa na jambo hili tangu saa nane. Mtoto hakukosea. Amefundishwa na ameshika somo. Ningekuwa mwalimu wake ningemsifu mbele ya darasa. Na mila haijanidhulumu, kwani ilinitangazia tarehe zake mapema kuliko wizara yoyote niliyoifanyia kazi. Hasira yangu haina mtu wa kuangukia ila mwanamke mmoja aliyeambiwa na mtoto, mara tano, kitu kidogo tu alichokitaka.

Zile chapati nilizobakiza jikoni nimewapa kuku. Sikuweza kuzila.

Atatoka wiki ya kwanza ya Januari. Siku chache za kununua godoro na sanduku, kisha bweni. Wanawake watapiga vigelegele, na mimi nitapiga, tena kwa nguvu. Halafu atakuja mbele yangu na kuninyooshea mkono, kama wanaume wanavyosalimu. Hatanikumbatia. Nitaupokea.

Je, nitajua kuuachilia?