Mtumishi na Risaga

Jumatatu, 9 Juni

Chai. Dawa ya presha. Kuvuka njia hadi kwa Otieno. Kama kila siku. Nimemkuta ameshawasha mashine zote, sebule inanuka vumbi la moto. Hakunisubiri, na anajua sipendi.

Kompyuta hizi tulifundishia chuoni, zama za skrini nyeusi na herufi za kijani, hapa Tarime ukimtajia mtu mtandao anadhani unasema nyavu za samaki. Chuo kilipopata mpya wakubwa wakatuambia hizi tuziondoe machoni pao. Zimejaa sebuleni kwa Otieno tangu mkewe afariki. Wastaafu wengine wa mtaa wetu wa Nyamisangura wana bao. Sisi tuna hizi.

Binti yake Akinyi amefika jana kutoka Dodoma. Ni muuguzi kule. Ameniamkia vizuri, akanimiminia chai, kisha akasema amekuja kumchukua baba yake. Jumapili wanaondoka. Mashine zitapelekwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Nimesema, "Haya." Chai sikuimaliza.

Jumanne, 10 Juni

Nimelala vibaya. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Binti hana kosa. Anasema mzee anaishi peke yake, juzijuzi kasahau sufuria jikoni hadi ikaungua, je, siku akianguka nani atajua?

Otieno anakunja mashati. Nimemwuliza kama kweli anataka kwenda. Akasema mtoto akikuita unaitika. Akakunja lingine, vibaya, kisha akasema:

"Lakini omera, ndugu yangu, ile kesi yetu hatujaimaliza."

Kesi yenyewe ni ya programu za kuunganisha kompyuta ili zitumie mafaili na printa kwa pamoja. Tuna mbili, kila moja na boksi lake la flopi. Yeye ana yake, mimi nina yangu. Tumebishana tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Tumekubaliana hukumu itoke kabla ya Jumapili.

Jumatano, 11 Juni

Mvua asubuhi. Tumeanza.

Programu yangu tunaiita Mtumishi. Kompyuta moja inatengwa, haina kazi nyingine ila kuwahudumia wenzake. Mafaili yote yanakaa kwake. Ukitaka kitu unapiga hodi, unataja jina na neno la siri, unapewa. Kuna utaratibu. Kanisani Otieno mwenyewe anaitwa Mtumishi, kwa vile huhubiri mchungaji akisafiri, na mimi humwambia kila mara kwamba jina lake linashuhudia dhidi yake.

Ya kwake ni Risaga. Hilo jina alilitoa mke wangu Bhoke miaka ile, alipotuletea uji akatukuta tumenuniana. Mimi Mhaya, huyu Mjaluo, ikabidi Mkurya wa Busawe atufafanulie mambo yetu. Risaga kwao ni kulimiana: leo majirani wote shambani kwako, kesho wote kwangu, mwenye shamba anapika. Programu hiyo ndivyo ilivyo. Hakuna mkubwa. Kila mashine inatoa, kila mashine inaomba. Vurugu tupu.

Akinyi alidhani Risaga ni mashine ya kusaga unga. Tumecheka wote watatu. Ana kicheko cha mama yake. Otieno aliinama akajifanya anatafuta waya.

Matokeo ya leo. Kunakili faili: Mtumishi kashinda, tena mbali. Kuchapa: sare. Printa ni ileile, inapiga kelele ileile kama cherehani yenye kinyongo. Kumbukumbu: hapo ni ugomvi. Risaga inakula kumbukumbu ya kila mashine hadi programu ya kuandikia inagoma kufunguka. Mtumishi anaomba kidogo kwa kila mmoja, ila anameza mashine nzima peke yake. Otieno anasema hiyo ni sawa na kuajiri mlinzi ukampa nyumba, wewe ukalala getini. Sikucheka. Nimecheka nilipofika kwangu.

Alhamisi, 12 Juni

Jaribio la watu wawili kuandika faili moja. Sentensi ileile ya Otieno aliyowapa wanafunzi miaka yote: Ng'ombe wa jirani amekula mahindi yangu. Chini yake kila mtu anaongeza lake.

Kwa Mtumishi, aliyefungua wa pili anaambiwa faili linatumika, asubiri. Ustaarabu. Kwa Risaga wote mnaandika, na anayehifadhi mwisho anafuta ya mwenzake. Otieno kanifuta mara kadhaa, meno yote nje.

Kwa hiyo ninaongoza. Sijawahi kuongoza nikajisikia vibaya hivi. Kesi ikiisha, hakuna kingine cha kumweka hapa. Nikasema pengine turudie jaribio la kunakili, jana umeme ulikuwa unacheza. Umeme haukucheza. Otieno kaniangalia, kisha akasema kweli, ulicheza.

Ijumaa, 13 Juni

Siku ya aibu. Naandika yote.

Kabla ya mchana Otieno kasinzia kitini. Akinyi kaenda sokoni kununua mabegi ya safari. Mimi nikabaki na Mtumishi. Ghafla ndani yake kukatoka mkwaruzo, kama kijiko kinachokwangua ukoko, halafu kimya. Nimezima, nimewasha, nimempigapiga mgongoni. Wapi. Mashine zote nyingine zikaganda hapohapo, na mafaili yetu ya wiki nzima yalikuwa kwake. Nilitaka kulia, mzee mzima. Nikamwandikia Bhoke kwenye simu: "Mtumishi amekufa hapa kwa Otieno. Nimechanganyikiwa. Chakula usiningojee."

Bhoke alikuwa ameenda kusaga mahindi. Simu kaiacha dukani kwa Mama Ghati aichaji. Na Mama Ghati husoma chochote kinachowaka.

Sikujua lolote hadi niliposikia nduru njiani. Nikachungulia. Wanawake wamejitwika kuni na ndoo za maji. Mama Ghati mbele, kanga kiunoni, anamlilia Mtumishi wa watu. Nyuma yao wanaume wamebeba viti vya kanisa, na wawili wameshika turubai. Walikuwa wengi. Sijui duka moja linapeleka habari namna gani upesi hivyo. Nimesimama mlangoni mdomo wazi, nao wakauona uso wangu, kilio kikazidi.

Otieno kaamka. Katoka na fulana yake, macho mekundu ya usingizi, akauliza kwa heshima kabisa:

"Jamani, poleni. Nani amekufa?"

Mama Ghati kaachia ndoo. Mmoja wa wenye turubai kakimbia, na turubai akaenda nalo. Kisha mtu akacheka, sijui nani, ikawa kicheko cha kukaa chini.

Kilichofuata hakikuchekesha. Akinyi alitokea kona ya njia, mabegi mapya mkononi, akaona viti na kuni na umati mlangoni kwa baba yake. Alisimama. Akakaa palepale kwenye tope. Otieno kamwendea, kamwinua, wakashikana muda mrefu. Mimi nimeangalia pembeni. Kosa langu, neno langu moja.

Bhoke kafika wa mwisho, mweupe kwa unga. Kasomewa ule ujumbe, kanikazia macho.

"Baba Koku. Mashine inakufaje?"

Hawakuondoka. Mama Ghati kasema yeye kuni hatazirudisha kichwani, zipikiwe hapahapa. Ugali, dagaa, mchicha kutoka bustani ya mtu. Wameweka sufuria uani na Akinyi akakaa kati yao kuchambua mchicha. Akawauliza, wamejuaje haraka hivyo? Mama Ghati akashangaa swali.

"Mura we! Huyu tata, baba yetu, si tunamwangalia kila siku? Dirisha lake likichelewa kufunguka, natuma mtu. Ile sufuria iliyoungua, moshi niliuona mimi, mlango nikapiga mimi. Hakukwambia?"

Ya sufuria alimwambia, ya Mama Ghati hakumwambia. Hata mimi hakuniambia, na mimi hujiona ndiye ninayemtunza. Mwingine akasema yeye humletea maziwa na haondoki hadi ayanywe. Mwingine humsindikiza kliniki. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na hakuna aliyekuwa nacho chote. Akinyi aliendelea kuchambua majani yaliyokwisha kuchambuliwa.

Ndani, Otieno alikuwa anapakia Risaga kwenye mashine zilizobaki. Zikaamka. Zikajuana. Faili la ng'ombe halikuwa limepotea, nakala ya zamani ilikuwa kwenye mashine ya dirishani. Akachomoa moja makusudi. Nyingine zikaendelea kana kwamba mwenzao kaenda chooni. Hakunikejeli. Hilo limeniuma zaidi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimetoa hukumu. Nimemwambia Otieno uso kwa uso: Mtumishi ni bora kwa kila kipimo, hadi siku anapokufa. Risaga imeshinda. Akasema asante. Asante tu! Miaka yote hii, nilitegemea walau acheze.

Mabegi yako mlangoni, yamefungwa. Akinyi ametoka, hayupo mchana kutwa.

Niseme wazi, humu hakuna anayesoma. Nampenda mzee yule. Nampenda kuliko ndugu zangu kadhaa. Sitaki aende.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda mapema kusaidia kubeba hadi stendi. Nilivaa viatu vizuri, sijui kwa nini.

Mlangoni kuna begi moja. La Akinyi.

Nimeuliza mengine yako wapi. Amesema kayafungua usiku, mashati ya baba yamerudi kabatini, na safari hii yeye ndiye aliyeyakunja. Otieno alikuwa jikoni anaosha vikombe kwa kelele nyingi, kama mtu asiyetaka kutazamwa.

Akanipa ufunguo wa mlango. Nikatunisha kifua. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nitasimamia kila kitu, chochote akitaka anipigie mimi.

"Hapana, baba mdogo. Ufunguo mwingine uko kwa Mama Ghati. Mwingine kwa mama wa maziwa. Mwingine kwa mama mdogo Bhoke. Jana nilikuwa natafuta fundi wa kuchonga funguo." Kisha akatabasamu, kile kicheko cha mama yake kikiwa karibu. "Nikikuachia wewe peke yako, siku ukiganda?"

Muuguzi, siku chache tu sebuleni, na kesi kaielewa kuliko mimi.

Tumemsindikiza sote wawili. Basi lilipoondoka Otieno alipunga mkono hadi likapotea, kisha akaendelea kupunga kidogo. Tumerudi polepole. Njiani kasema, bila kuniangalia, kwamba alikuwa tayari kwenda ili asiwe mzigo kwa mtu hapa. Nimemwambia ni mjinga. Nimemshika mkono hadi getini kwake, utelezi ulikuwa mwingi.

Jumatatu, 16 Juni

Chai. Dawa. Kuvuka njia. Dirisha lake lilikuwa wazi. Mama Ghati, dukani, naye alikuwa analitazama, tukapungiana.

Otieno ameshawasha mashine. Hakunisubiri. Marehemu Mtumishi kamweka chini ya meza na kumfanya pa kuegeshea miguu.

Alipoenda kuchukua kikombe changu nimefungua lile faili. Sentensi yake ilikuwepo: Ng'ombe wa jirani amekula mahindi yangu. Nimeandika chini yake: Njoo uchukue mengine kwangu. Nimehifadhi, nikakaa mbali na kibodi.

Karudi, kasoma, kavuta kiti. Hajaifuta.