Migunga ya Kilima cha Upepo

Jumanne, 10 Juni
Nimepanda kilimani na maji, kama kawaida. Upepo umenimwagia nusu ndoo. Migunga niliyopanda mwaka juzi bado inaishia magotini, yote imelalia magharibi. Inaudhi! Serikali ya kijiji ilinipa kilima hiki kiwe ngitili, mifugo isiingie hadi miti isimame. Mwezi wa nane wanakuja kukagua. Isiposimama, kinarudi kuwa malisho. Shemeji Luhende, mdogo wa mume wangu, anaisubiri siku hiyo. Ana ng'ombe wengi huyo, na mdomo pia.

Jumapili, 29 Juni
Baada ya misa kikundi chetu cha akina mama kimekuja kunisaidia. Tumepalilia kilima kizima, umebaki udongo mtupu. Kwetu shamba lenye majani ni la mvivu, na wakaguzi wana macho. Kimependeza kweli.

Jumatano, 16 Julai
Jamani! Upepo sasa hauna wa kuuzuia. Mchanga unachapa vishina, upande wa mashariki umekauka, mingine imekatika. Nimempigia kaka yangu, mpagazi wa Kilimanjaro. Alicheka kwanza. Akasema kule juu kwenye baridi mimea haishindani na upepo: inabaki mifupi, inajibana nyuma ya mawe, mingine inajifunika majani yake makavu kama blanketi. "Sasa wewe dada umeivua nguo." Nimejichukia. Yale majani ndiyo yalikuwa ukuta.

Jumamosi, 2 Agosti
Nabeba mawe. Kila mgunga na jiwe lake, upande wa mashariki. Mgongo umekufa. Luhende kapita, kauliza kama najenga makaburi. Nikainua jiwe jingine upesi. Ningemtukana.

Alhamisi, 14 Agosti
Wamekagua. Mwenyekiti kasema hivi ni vichaka, si miti. Nikamweleza kuwa upepo ndio umeifupisha, lakini ni mizima. "Mama Nyamizi, sisi tunakagua kinachoonekana." Basi, kilima kimekwenda. Nimelia njia nzima, kwa hasira.

Jumamosi, 23 Agosti
Kesho ng'ombe wanaingia. Nimepanda kilimani na jembe nihamishe walau mgunga mmoja, nikaupande nyumbani. Nimechimba mpaka mkono ukazama hadi begani. Mzizi ni mnene kuliko shina, na bado unashuka. Nimevuta kwa mikono miwili. Haukutoka. Nimerudishia udongo, nikaukanyagia vizuri. Nikashuka kupika.